Nusu Saa Bila Kuinama

Kuna watu wakiingia hospitali huona wagonjwa. Msomi aliona vidole.

Wala hakwenda kutibiwa, Mungu apishe mbali. Alikuwa anamkimbia mteja mmoja aliyemuuzia dawa ya kuotesha nywele wiki mbili nyuma, na mteja huyo alikuwa anamtafuta mtaa kwa mtaa, upara wake uleule, ila sasa na rungu mkononi. Mlango wa kwanza uliokuwa wazi ulikuwa wa kliniki ya viungo. Msomi akajitoma ndani, akajibana kwenye benchi katikati ya akina mama, akafunua gazeti na kujifanya anangoja namba yake iitwe.

Hapa tumtambulishe sisi, maana tukimwachia mwenyewe atatupa jina lingine. Mjini walimwita Msomi kwa ajili ya miwani, na miwani yenyewe ilikuwa kioo kitupu. Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote isipokuwa yalipenda vya watu. Shule aliiacha mapema, lakini ulimi wake uliendelea na masomo mpaka ukahitimu.

Benchi zima lilikuwa la wanawake wa miaka hamsini na mitano kwenda juu. Mikono wameilaza mapajani, vifundo vya vidole vimevimba, vidole vingine vimepinda kwa upande. Mtu mwenye moyo angeona maumivu. Msomi aliona kwamba katika mikono yote ile hapakuwa na pete hata moja, na kwamba karibu kila kidole cha pete kilikuwa na alama pale pete ilipokaa miaka na miaka.

"Yangu niliitoa kwa sabuni na machozi," mama mmoja alimwambia jirani yake. "Ningechelewa wiki moja wangeikata."

"Ya kwangu iko kwenye kopo la poda, na bangili zangu zote. Kuvaa siwezi, kuuza roho haitaki."

"Tuko wengi, shoga. Dhahabu inalala, sisi hatulali."

Wakacheka. Msomi hakucheka. Alikuwa amekwisha kumsahau hata yule mtu wa upara.

Muuguzi akatokea na picha kubwa ya nyonga, akaibandika ukutani. "Akina mama zangu, nisikilizeni. Hedhi ilipokoma, homoni iliyokuwa inailinda mifupa yenu ilipungua. Hilo moja. Baridi yabisi nayo haiishii kuvimbisha viungo, inaitafuna mifupa chini kwa chini. Hilo la pili. Na vile vidonge vya steroidi vya kutuliza uvimbe, vikitumika muda mrefu navyo vinachangia. Kwa hiyo mifupa yenu inaibiwa kwa milango mitatu! Mtu anajikwaa kwenye zulia, nyonga imekwenda. Ndiyo maana tunapima uzito wa mifupa, ndiyo maana mnapewa kalisiamu, ndiyo maana nawaambia tembeeni na mpate jua. Sasa, wale wa kidonge cha kila wiki, nawakumbusha masharti yake..."

Masharti hayo Msomi hakuyasikia. Alikuwa amekwisha kuinuka, gazeti kwapani, maneno manne matano ya kidaktari kichwani, na kwa mtu kama yeye hayo yalikuwa shahada nzima. Laiti angekaa dakika mbili zaidi! Lakini mwerevu akishaona mlango wa kuingilia, hana subira ya kuuliza wa kutokea uko wapi.

Siku tatu baadaye alikuwa na koti jeupe na mashine. Mashine ilikuwa lile kofia la kukaushia nywele alilolichukua kwenye saluni iliyofungwa, akalitia taa ya buluu kwa ndani na kengele ya jikoni ya kuhesabia dakika. Ukiwasha, lilinguruma. Ukingoja, lililia tii! Msomi alilitazama akasema peke yake, "Hili hata mimi naliamini."

Akina mama wale walikuwa na kikundi chao, Umoja wa Wima, kilichokutana kila Jumapili asubuhi kwenye ukumbi mdogo nyuma ya maktaba. Kwa nini Wima, Msomi hakuuliza. Alidhani ni jina la kujitia moyo, kama watu wanavyoita vikundi Amkeni au Tusonge. Alifika wakiwa wanakunywa chai. Kilichotangulia chai hakukiona.

Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mji aliizalisha yeye, na nusu iliyobaki aliikaripia. Alimpokea mgeni kwa macho kuanzia viatu kwenda juu.

"Karibu, mwanangu. Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na utafiti, mama," Msomi akasema, mkono kifuani. "Nimetoka kwenye kituo cha utafiti wa mifupa. Hatutozi hata senti. Ninapima, ninashauri, naondoka zangu."

Neno bure lina nguvu kuliko bismillahi. Walijipanga. Mmoja mmoja alitia mkono chini ya kofia, mashine ikanguruma, ikalia tii, Msomi akaandika. Wote walipata thelathini na mbili.

"Mbona sote sawa?" aliuliza Shangazi, mjane wa sonara, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, aliyekaa kwenye kaunta ya marehemu mumewe miaka thelathini na kuitambua dhahabu hata kabla haijatoka mfukoni.

"Ndilo lililonishtua hata mimi, shangazi. Ina maana anayewaibia ni mmoja." Msomi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Niwaulize kitu. Pete zenu ziko wapi?"

Wakatazamana.

"Kwenye makopo," mmoja akasema.

"Haya! Dhahabu ikikaa mwilini inashiba jasho, inatulia. Ukiivua ukaifungia, inapata njaa. Na njaa yake ni chokaa ya mifupa, ya mwenyewe, hata akiwa chumba cha pili. Milango mitatu mmeshaambiwa hospitali. Huu ni wa nne, na hawaufundishi kwa sababu hawana mashine. Ikisafishwa siku chache tu, inatema chokaa yote. Uvimbe unashuka. Na pete inarudi kidoleni."

Kisha sauti ndogo ikatoka kona ya dirishani.

"Nitaivaa tena?"

Aliyeuliza alikuwa Mama Cherehani, fundi wa nguo, mwembamba, fimbo yake imeegemea goti. Cherehani lenyewe alikwisha kulifunika, vidole havikuwa vinashika tena sindano. Mumewe alifariki mwaka wa nne sasa, na pete ya ndoa aliivua miezi sita baada ya mazishi, kwa sababu kifundo kilikuwa kimevimba hadi kidole kinageuka rangi. Watu walimpa pole ya ugonjwa. Hakuna aliyejua kwamba kila usiku alihisi amemwacha mume wake. Ile pete ndiyo kitu pekee alichokitaka duniani, na alikuwa nayo hapo, kwenye kitambaa, ndani ya pochi.

"Utaivaa, mama," Msomi akasema bila kupepesa. "Hata wewe mwenyewe utashangaa."

Mkunga akaingilia. "Daktari, na vidonge vyetu vya hospitali? Tuviache?"

Msomi alikuwa amefungua kinywa aseme ndiyo, akaona jicho la Mkunga, akakimeza. "La hasha! Endeleeni navyo. Dawa na mashine ni ndugu."

"Hata kile cha kila wiki?"

"Hicho hata mimi nameza."

"Wewe? Mwanamume, kijana?"

"Mifupa haijui mwanamume, mama. Kila Jumapili, kimoja, namshukuru Mungu."

"Ahaa," Mkunga akasema, na akanywa chai yake.

Mama Cherehani akatoa kitambaa. Vidole vikashindwa kukifungua, Msomi akamsaidia kwa vidole vyepesi sana, akapokea pete ya mtu aliyekufa na kuitia kwenye mfuko wa koti jeupe. Dhamira yake ilikuwa likizo ya muda mrefu.

Mfua shaba wa mtaa wa nyuma alikuwa mtu wa kazi safi. Aliigeuza pete kwenye taa. "Imejaa vitundu vidogo vidogo huku upande mmoja. Niinakili na vitundu vyake?"

"Vitundu vya nini? Huo ni uchakavu. Ing'arishe, ing'ae kama mwezi. Mteja nimemwahidi usafi."

Jumatano Msomi akampelekea Mama Cherehani pete ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, ikimeremeta. Mama aliipokea, akaipapasa kwa kidole gumba, akaipapasa tena. Akasema, "Asante, mwanangu," na akafunga mlango polepole. Msomi akaondoka anapiga mluzi.

Alhamisi simu ikalia. Alikuwa Mkunga.

"Daktari! Pete imerudi nyepesi!"

Msomi akashikilia ukuta. "Nyepesi, mama?"

"Nyepesi kabisa! Chokaa imetoka yote, kama ulivyosema. Kikundi kizima kimechachamaa. Tuko arobaini na wawili, na kila mmoja ana kopo lake. Tumeamua kukusanya kwenye sanduku moja, ulichukue Jumapili."

Kama mtu angempima Msomi moyo saa ile, ile kengele ya jikoni ingelia yenyewe.

"Ila kuna jambo," Mkunga akaendelea. "Kikundi kina kanuni yake. Kitu hakitoki mpaka kitu kimeingia. Siyo kwamba hatukuamini! Wewe ni kama mwanetu. Lakini wanachama ni wengi, na midomo ni mingi. Uje na amana kidogo ya dhahabu. Shangazi ataipima kwa jiwe lake, itakaa kwetu, ukirudisha sanduku unachukua chako."

Msomi alifikiri kuwapa shaba, akamkumbuka Shangazi, akaachana na wazo hilo. Nyumbani alivuta soksi iliyokuwa ndani ya mfuko wa mchele. Humo mlikuwa na jasho la mwaka mzima, yaani jasho la wengine: mikufu miwili, hereni, bangili nzito ya mama mmoja aliyetaka mtoto wake apate kazi, na pete ya Mama Cherehani. Akavipima mkononi. Kisha akawaza makopo arobaini na mawili. Chambo hakilingani na samaki, akajisemea, na akajisifu kwa hekima hiyo barabara nzima. Hakujiuliza chambo ni kipi na samaki ni nani.

Jumapili aliwahi. Safari hii hakukuta chai. Alikuta jagi la maji, bilauri zimejaa, viti vimepangwa duara, na saa ya ukutani inasema mbili na dakika tano. Wanachama kumi na wawili walikuwepo. Wengine, Mkunga alisema, walituma makopo yao. Na kule chini ya meza kulikuwa na sanduku la mbao, limezungushiwa vitambaa na kufungwa mafundo juu ya mafundo.

"Samahani kwa mafundo," Mkunga akasema. "Tumefunga kwa meno. Mikono yetu asubuhi unaijua."

Msomi akalisukuma kwa ncha ya kiatu. Lilikuwa zito. Ndani kitu kikachakarika.

"Nichungulie kidogo?"

"Utachungulia mpaka uchoke. Kwanza amana."

Akaitoa. Shangazi akaisugua kwenye jiwe lake jeusi kipande kimoja kimoja, akaidondoshea dawa, akatingisha kichwa kukubali. Alipofika kwenye pete yenye vitundu alikaa nayo kidogo kuliko vingine. Kisha akavifunga vyote kwenye kitambaa na kumkabidhi mweka hazina. Mweka hazina alikuwa Mama Cherehani. Msomi aliona huko ni kuzidi kwa bahati: mwizi anamrudishia mwenye mali mali yake, na mwenye mali hajui! Angeisimulia hadithi hii uzeeni.

"Sasa dozi," Mkunga akasema. "Tumbo tupu, daktari?"

"Tupu," akasema Msomi, ambaye tumboni alikuwa na mkate na mayai mawili.

Kila mmoja akachukua kidonge chake. Mkunga akamwekea Msomi cha kwake kiganjani, kikubwa, cha mviringo. Mtu aliyesema anameza kila Jumapili atakataaje Jumapili? Akakitia kinywani. Kilikuwa na ladha ya chungwa.

"Usitafune!" Mkunga akapiga ukelele. "Meza. Maji yote."

Akameza. Kilipita kwa kusukumana.

"Haya, saa mbili na dakika kumi," Mkunga akasema, akiketi. "Masharti unayajua."

"Nayajua," Msomi akasema. Kisha, kwa kuwa hakuyajua, "Lakini yarudieni kwa faida ya wote."

"Nusu saa, mgongo wima. Usile, usilale, usiiname. Ukiinama kinarudi juu, kinakwama kooni, kinakwangua koo mpaka basi. Lakini wewe ni mtaalamu, umeshaona wengi."

"Yule kaka wa mwaka jana," Shangazi akadakia. "Aliinama kufunga kamba ya kiatu. Kamba tu! Mpaka leo anakula kwa mrija."

"Uji."

"Uji mwepesi."

Kwamba kidonge cha kila wiki kina masharti ya kukaa wima nusu saa ni kweli tupu, daktari yeyote atakwambia. Huyo kaka wa mrija alizaliwa asubuhi ileile, na mkunga wake ni nani hatuna haja ya kuuliza. Msomi, ambaye hakuogopa polisi wala Mungu, alikuwa na udhaifu mmoja: aliuogopa mwili wake. Akanyooka kitini kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Sisi tumezoea, tunaweza kutembea," Mkunga akasema baada ya muda, akiinuka. "Muuguzi kasema jua na mazoezi. Wewe kaa, mgeni wetu. Sanduku lako hilo hapo. Nusu saa ikiisha, lichukue."

Wakatoka. Tukisema wakatoka msidhani walikimbia. Mmoja alisimama kwa awamu tatu, mwingine alishika ukuta, Shangazi alisukumwa na wawili, fimbo zikagonga sakafu, na kila aliyepita alimwambia Msomi, "Kaa hivyohivyo, mwanangu," naye akawajibu kwa macho tu. Mlango ukafungwa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema afanye nini aliyekatazwa kuinama.

Alipogeuza shingo, taratibu, aliona hayuko peke yake. Mama Cherehani alikuwa bado kwenye kiti chake, kile kifupi cha dirishani, kitambaa cha amana mapajani.

Nje sauti ya Mkunga ikaita, kali kidogo. "Mwenzetu, unakuja?"

"Nakuja!" akajibu. Hakwenda popote. Akajaribu mara moja, magoti yakakataa. Mara ya pili, yakakataa tena. "Asubuhi miguu yangu si yangu," akamwambia Msomi, na mikono ilimtetemeka. Msomi akadhani ni maradhi.

"Pumzika, mama. Hata mimi nimepumzishwa."

Wakakaa, wawili wima, wakitazamana. Saa ikasema mbili na dakika ishirini.

"Marehemu alikuwa fundi baiskeli," Mama Cherehani akasema ghafla. "Unajua pete aliipataje? Aliuza baiskeli yake mwenyewe. Fundi baiskeli! Miaka miwili alikuwa anakwenda kutengeneza baiskeli za watu kwa miguu. Watu wanamcheka, yeye anacheka nao. Nilipoivua, mwanangu, nilimwomba radhi kwa sauti, chumbani peke yangu. Nilijiona mke mbaya."

"Siyo kosa lako, mama. Ni vidole tu."

"Najua ni vidole. Roho haijui."

Hapo kitu kikamchoma Msomi mahali ambapo hakudhani pamebaki pa kuchomeka. Akatazama kile kitambaa. Basi, akajiambia, pete ya fundi baiskeli imo humohumo, atabaki nayo, mimi nitabaki na sanduku, hakuna aliyedhulumiwa sana. Akajiona mtu mwema. Ni hisia ngeni, ikampanda kichwani.

"Mwanangu, nipe mkono," mama akasema. "Wenzangu watanisubiri juani."

Wote tuna adabu fulani tuliyofunzwa kabla hatujajua hila. Msomi akainuka, mgongo wima, akamwendea. Hakuweza kumwinamia, kwa hiyo akampa mikono yote miwili kutoka juu, akahesabu moja, mbili, tatu, akamvuta. Akampa fimbo. Akamfungulia kitasa, maana kitasa kwa mikono ile kilikuwa mlima. Wenzake hawakuonekana tena. Jua limeanza kuchoma.

"Utatembeaje hivi?" Msomi akasema, na akapiga mluzi, na teksi ikasimama, na, tunasema haya kwa heshima zote, akamlipa dereva kutoka mfukoni mwake. Akamkalisha mama kiti cha nyuma kwa mbinu ileile ya kutoka juu. Akafunga mlango.

"Mungu akulipe," Mama Cherehani akasema dirishani. Sauti yake sasa haikutetemeka. "Mwanangu, ile pete uliyoniletea Jumatano ilikuwa laini."

"Laini, mama?"

"Laini mno. Yangu ina vitundu upande mmoja. Miaka thelathini nimesukuma sindano kwa pete ile. Sikuwahi kuvaa subana, ile kofia ya bati ya kidole. Kila kitundu ni nguo ya mtu."

Akafungua kitambaa kwa meno. Mkufu ukamwagika mapajani, akausukuma pembeni kama ganda la kitunguu, akaokota pete, akaitia kwenye ncha ya kidole. Iliteleza mpaka kwenye kifundo, ikagoma.

"Haipiti," Msomi akasema. Hakujua kwa nini amesema.

"Haipiti, na haitapita. Ulinidanganya kwa hilo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko wizi wenyewe. Usingizini nilikuwa naiona kidoleni." Akaikunja kiganjani, macho yamemlengalenga, anatabasamu. "Lakini ni yangu, na nimeirudisha kwa mikono hii hii. Hivi vingine Mkunga anavipeleka polisi leo, wenyewe waje wavitambue."

Mwaka mzima wa Msomi ulikuwa hapo, mapajani mwa mwanamke asiyeweza kufunga ngumi. Dirisha lilikuwa wazi. Mkono wake ungefika. Lakini dirisha la teksi liko chini, kila mtu anajua, na kufika pale kulitaka kitu kimoja tu. Alianza. Kiuno kikakunjika kidogo, kidogo tu, na kooni akahisi kama kuna kitu kinapanda. Kwa macho ya moyo akauona mrija. Akanyooka wima kama mlingoti.

"Mama," akaliambia paa la gari. "Mama, tuzungumze."

"Twende, dereva."

Teksi ikaondoka, kwa nauli yake.

Msomi akarudi ndani, siyo mbio, maana mbio zinatikisa. Sanduku! Sanduku lilikuwa bado lipo. Akasimama mbele ya meza, macho kwenye saa. Mbili na dakika thelathini na tatu. Dakika saba zile zilikuwa ndefu kuliko kifungo chochote alichowahi kukikwepa, na katika dakika hizo alijiahidi mengi, kwamba pengine wamesahau, kwamba pengine ni wazee tu, kwamba dhahabu ya watu arobaini na wawili haiwezi kuwa si kitu. Mbili na arobaini ilipogonga akapiga magoti, akang'ata mafundo, akavunja kucha mbili, akafungua.

Kokoto. Kokoto safi, zimeoshwa. Na juu ya kokoto makopo matupu ya dawa, arobaini na mawili, akina mama hawasemi uongo kwenye hesabu. Moja liliwekwa katikati, karatasi yake imegeuzwa juu ili isomeke. Msomi akavua miwani ili aone vizuri.

Kalisiamu ya kutafuna. Ladha ya chungwa. Kidonge kimoja wakati wowote, pamoja na chakula.

Mara ya kwanza aliisoma kimya. Mara ya pili kwa sauti. Kisha Msomi, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu anyonyeshwe, akalala chali sakafuni, miguu chini ya meza, akatazama dari.

Msimamizi wa ukumbi aliingia na ufagio wake, akamkuta hivyo, akashtuka.

"Astaghafiru! Umeanguka, daktari? Umevunjika mfupa?"

Msomi akafikiri kwa muda mrefu, kwa unyofu, pengine kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

"Mzee wangu," akasema, "afadhali ungekuwa mfupa."